Magego matano yametoka: mama awekewe meno ya bandia?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61. Kwa nyakati tofauti ameng'olewa magego matano: chini kulia yote matatu, chini kushoto lile la kwanza, na juu kushoto lile la mwisho kabisa. Sasa anatafunia kushoto tu. Nyama na mahindi ya kuchoma vimemshinda, anashindia uji, chai na mkate, au ugali na mchuzi. Anatumia dawa za presha na analalamika kukaukwa na mdomo, hasa usiku. Taya la kulia linalia "ka" akipiga miayo, ila haliumi. Daktari mmoja wa meno alisema awekewe meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Mwingine alisema hana haja nayo. Tumsikilize nani? Na je, kutafuna kunapimika, au ni kukisia tu?

JIBU: Marahaba. Kati ya hao wawili, wa pili yuko karibu zaidi na ukweli, ila ameishia njiani. Kwa meno aliyobaki nayo, mama alitakiwa aimudu nyama ya kawaida. Haimudu. Basi kuna kitu kinamzuia, na kitu hicho hakitaondoka kwa kumvalisha plastiki; huenda kikazidi. Kitafuteni kwanza. Sehemu ya utafutaji huo mnaweza kuifanya nyumbani kabla hamjarudi kliniki.

Tuanze na hesabu. Watu huhesabu mapengo: mama ana matano, basi yazibwe matano. Lakini jino moja halitafuni. Kinachotafuna ni jozi, yaani jino la juu na la chini yanayokutana mdomo ukifungwa. Magego matatu ya juu kulia ya mama yanaweza kuwa mazima kabisa, lakini hayana wenzake chini, kwa hiyo hayasagi chochote. Ndiyo maana hata idadi ya meno inadanganya. Shirika la Afya Duniani lilishaweka lengo la mtu kubaki na meno yasiyopungua 20 maisha yake yote bila kuhitaji ya bandia, na Japani tangu 1989 ina kampeni yake ya "8020", yaani ufike miaka 80 ukiwa na meno yako 20. Kwa kupima hali ya nchi, sawa. Mama yako, kama magego yake ya mwisho yote yalikuwa yameota, ana 27, na bado nyama inamshinda.

Hesabu jozi. Mbele, kuanzia chonge hadi chonge, ana jozi sita. Nyuma ya chonge, magego madogo mawili kila upande, jozi nne. Magego makubwa: kulia hana jozi hata moja. Kushoto gego la pili la chini linakutana na la pili la juu, jozi moja. Gego la mwisho la chini kushoto limebaki peke yake, likimgusa kidogo jirani wa mwenzake aliyetoka.

Profesa Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, alichapisha mwaka 1981 utafiti wa watu waliopoteza magego ya nyuma. Aliipa kila jozi ya magego madogo alama moja na kila jozi ya magego makubwa alama mbili, akaona kwamba kinywa chenye alama nne, hasa zikigawanyika sawa kulia na kushoto, bado kina uwezo wa kutosha wa kujirekebisha. Mama ana sita: nne za magego madogo na mbili za ile jozi ya kushoto.

Unaweza kusema hao ni Wazungu, wanakula viazi vya kuchemsha. Pingamizi la haki. Ndiyo maana utafiti uliofanyika Tanzania una uzito wa pekee hapa. Mtafiti Sarita na wenzake, wakishirikiana na hao wa Nijmegen, walichunguza watu 725 waliopoteza magego ya nyuma na kuwalinganisha na 125 wenye safu kamili, wakiwauliza juu ya vyakula vya kawaida vya Kitanzania, laini kwa vigumu. Matokeo yalichapishwa 2003. Wenye magego madogo yote na angalau jozi moja ya magego makubwa walikuwa na uwezo wa kutosha wa kutafuna. Walioteseka kweli ni waliobaki na jozi sifuri hadi mbili za magego madogo, na zaidi pale mapengo yalipoelemea upande mmoja. Mama yuko kwenye kundi la kwanza, ingawa pembezoni: yote anayoyategemea yamesimama juu ya jozi moja.

Na hapo ndipo ningeelekeza tochi.

Gego la kwanza la chini likitoka na pengo likaachwa, gego la pili huanza kulala kuelekea mbele, taratibu, kwa miaka. Gego la juu lililokuwa likikutana na lile lililotoka nalo hushuka kuingia kwenye pengo. Mwisho wa yote, meno mawili yaliyokuwa yanakutana uso kwa uso yanagusana kwenye kingo tu. Ukitazama mdomoni utaona meno yapo, lakini eneo la kusagia limebaki kidogo. Nyuzi za nyama hujazana mbele ya jino lililolala, mahali ambapo mswaki wa kawaida haufiki. Ufizi pale huvimba na kuachana na jino, na mzizi uliobaki wazi huoza upesi kuliko sehemu ya juu, kwa sababu hauna ile enameli ngumu. Ongeza kwamba mama ameupa upande huo kazi yote. Nisingeshangaa kabisa jino hilo likiwa linacheza, limeoza pembeni, au lina ufa.

Mnaweza kulikagua. Tumia mishikio ya vijiko viwili vidogo, mmoja ndani upande wa ulimi, mwingine nje upande wa shavu, kisha sukuma jino kwa zamu. Usitumie vidole: ni laini, vinajibonyeza na kukudanganya. Jino zima husogea kiasi kisichoonekana kwa macho. Ukiliona likisogea kwa milimita moja au zaidi, mfupa unaolishika umepungua. Kisha mama aume pamba iliyoviringishwa vizuri, jino moja baada ya jingine. Maumivu makali yanayokuja anapoachia, si anapouma, huashiria ufa. Damu wakati wa kupiga mswaki mbele ya jino hilo, au harufu kwenye uzi ukipitishwa pale, ni dalili kwamba ufizi umeachana na jino.

Kuna jambo la umekanika hapa ambalo hata wagonjwa wasomi hulikosa. Taya la chini hufanya kazi kama koleo la mkaa: egemeo liko mwisho mmoja, kwenye kiungo kilicho mbele ya sikio, nguvu inaingia katikati, kwenye msuli wa shavu na msuli wa panja, mzigo uko upande wa pili. Kadiri chakula kinavyokaa karibu na egemeo ndivyo nguvu inavyofika zaidi. Mtu mzima mwenye meno kamili anaweza kubana kwa takriban newtoni 500 hadi 700 kwenye magego ya upande mmoja, sawa na uzito wa kilo 50 hadi 70, lakini mbele hapati zaidi ya 100 hadi 200. Ndiyo sababu meno ya mbele hayawezi kuziba nafasi ya magego, hata yawe imara namna gani. Yanakata, hayasagi.

Ila nguvu ya msuli si tatizo la kawaida kwa mtu wa miaka 61. Kutafuna kila siku hutumia sehemu ndogo tu ya hiyo nguvu ya juu. Anayeamua itumike kiasi gani ni ubongo, nao hutegemea taarifa kutoka kwenye utando mwembamba, kama milimita 0.2, unaolizunguka kila mzizi ndani ya mfupa. Utando huo umejaa neva zinazohisi mguso mdogo mno. Ukivimba, au jino likiwa na ufa, ubongo hupunguza nguvu kabla mtu hajasikia maumivu yanayoeleweka. Kwa hiyo anayesema "taya langu halina nguvu siku hizi" mara nyingi ana misuli mizima inayojizuia. Ukitibu ufizi, nguvu inarudi yenyewe. Na jino la bandia halina utando huo. Linahisi kupitia ufizi tu. Hapo tutarudi.

Sasa swali lako la kupima. Kutafuna kunapimika, na kwa usahihi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1950 Wamarekani Manly na Braley walieleza njia ya karanga: gramu tatu, mitafuno 20, mtu anatema vyote, vipande vinaoshwa na kupitishwa kwenye chekeche, kisha unapimwa uwiano wa vilivyopita. Udhaifu wake ni karanga yenyewe. Iliyokaangwa zaidi huvunjika upesi, yenye unyevu hupondeka. Baadaye maabara zikahamia kwenye vijitofali vya silikoni vyenye upana wa milimita 5.6, ambavyo havibadiliki na haviyeyuki kwa mate, na machekeche mengi yaliyopangwa kwa matundu yanayopungua. Kipimo kinachotolewa ni ukubwa wa wastani wa vipande, yaani tundu ambalo nusu ya uzito ingepita. Njia ya tatu ni chingamu ya rangi mbili. Unatafuna mara 20, donge linabanwa hadi unene wa milimita moja, pande zote mbili zinapigwa picha, na programu ya kompyuta inapima rangi zimechanganyika kiasi gani.

Njia hizi hazipimi kitu kimoja. Karanga na silikoni hupima kuvunja: meno, jozi, nguvu. Chingamu hupima kuchanganya: ulimi, mashavu na mpangilio wa mwendo. Mzee aliyepata kiharusi anaweza kuvunja vizuri na kuchanganya vibaya. Mwenye meno machache lakini ulimi mwepesi, kinyume chake.

Nyumbani tumieni karanga. (Msifanye kama ana mzio wa karanga, hupaliwa anapokula, au jino linauma sana.) Chukua karanga kavu zilizokaangwa, zimenywe maganda, gramu tatu kwa mizani ya jikoni. Kama huna mizani inayosoma gramu ndogo, chagua punje sita za ukubwa uleule kila mara. Mama atafune mara 20 huku wewe ukihesabu kwa kutazama kidevu chake, maana mtafunaji hujisahau akihesabu mwenyewe. Asimeze. Ateme vyote kwenye bilauri, asukutue kwa maji na kutemea humohumo. Pitisha kwenye chujio la chai, mwaga kilichobaki juu ya sahani nyeusi yenye maji kidogo, tandaza, kisha hesabu vipande vikubwa kuliko robo ya punje. Fanyeni mara tatu akitafuna atakavyo, mara tatu kushoto tu, mara tatu kulia tu, na pumziko la dakika mbili katikati ili msuli usichoke. Mtu mwingine wa rika lake mwenye meno kamili afanye vilevile, mpate cha kulinganishia. Kujilinganisha na wewe kijana si haki.

Kinachoharibu jaribio ni vitu vidogo. Mtu akijua anapimwa hubana kwa bidii isiyo ya kawaida, kwa hiyo tupa raundi ya kwanza. Akimeza unga laini, vinavyobaki vitaonekana vikubwa kuliko ilivyo. Na karanga za chungu cha jana zisichanganywe na za leo.

Ukisoma matokeo, usitazame namba peke yake, tazama tofauti ya pande. Kulia ana magego madogo mawili tu, kwa hiyo vipande vikubwa upande huo vinatarajiwa. Lakini kushoto kukiwa kubaya kama kulia, basi ile jozi yake moja ipo kwa jina tu, na tatizo liko kwenye jino lililolala. Kushoto kukiwa kuzuri, karibu na huyo wa rika lake, na bado nyama inamshinda, ondoa lawama kwenye meno. Karanga huvunjika kwa kishindo kimoja. Nyama inataka kukatwa nyuzi kwa msuguano na kulowanishwa hadi iwe tonge linaloteleza. Hapo mshukiwa ni mate.

Kuhusu mate, dalili ulizotaja ni nzito. Dawa nyingi hukausha kinywa: zile za presha zinazoongeza mkojo, amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu ya neva), dawa za mzio zinazoleta usingizi, na kadiri zinavyotumika nyingi kwa pamoja ndivyo ukavu unavyozidi. Kisukari kisichodhibitiwa nacho hukausha, kwa hiyo kama hajapima sukari karibuni, apime. Kipimo cha mate ni rahisi. Saa moja kabla asile, asinywe, asipige mswaki. Aketi wima, kichwa kikiinama kidogo, mate yadondoke kwenye kikombe kwa dakika 15 bila kutafuna chochote, kisha myavute kwa bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano ili kuyapima. Chini ya mililita 1.5 kwa hizo dakika 15 ni uchache wa kweli. Baadaye arudie akitafuna chingamu isiyo na sukari kwa dakika tano. Chini ya mililita 3.5 ni kidogo. Kama ya kwanza ni mbaya na ya pili ni nzuri, tezi zake zinafanya kazi ila zinahitaji kuchochewa, na hiyo ni habari njema. Kutafuna chingamu hiyo dakika 10 baada ya kula kutamsaidia. Zikiwa mbaya zote mbili, andika namba hizo mpelekee daktari anayemwandikia dawa za presha. Kuna mara dawa hubadilishwa au saa za kumeza husogezwa. Asiache dawa kwa uamuzi wake. Presha inaua, mdomo mkavu unaudhi.

Ukavu una uhusiano wa moja kwa moja na yale meno ya bandia mliyoambiwa. Meno ya kuvaa hushikiliwa kwa sehemu na tabaka jembamba la mate kati ya plastiki na ufizi. Mdomo mkavu huyafanya yasugue na kutia vidonda. Tena mate ndiyo yanayopunguza asidi baada ya kula. Yakikosekana, meno yake yaliyoshikishwa vibanio vya hayo ya bandia huoza kwenye mizizi.

Ule mlio wa "ka" usiwatishe. Ndani ya kiungo cha taya mna kisahani cha gegedu kinachokaa kati ya kichwa cha taya na fuvu. Mdomo ukifunguka, milimita 20 hadi 25 za kwanza taya huzunguka zaidi mahali pamoja, kisha huteleza mbele na chini. Kisahani kikiwa kimesogea kidogo mbele, taya likiteleza hukirukia na kurudi juu yake, ndio huo mlio. Watu wengi wanao, na usipoambatana na maumivu au kukwama, hautibiwi. Pimeni tu kiasi cha kufunguka: vidole vyake mwenyewe vitatu, vikiwekwa wima kati ya meno ya mbele, viingie. Kwa rula, milimita 40 au zaidi ni kawaida, chini ya 35 ni kidogo.

Je, mapengo ndiyo yameleta mlio? Sarita na wenzake waliliangalia hilo pia. Hawakupata ushahidi kwamba kupungua kwa magego, kwa jumla, kunaleta matatizo ya kiungo. Hatari ya maumivu na milio ilionekana kupanda pale ambapo meno yote ya nyuma ya upande mmoja au pande zote hayakutani tena. Mama bado ana magego madogo kulia. Ni mtetezi mdogo, lakini yupo. Asiruhusu yang'olewe kirahisi.

Kuna hali moja ambayo sitaki muichukulie kama ya meno. Mtu aliyevuka miaka 50 ambaye taya lake linachoka na kuuma kila anapotafuna, likitulia akipumzika, pamoja na maumivu mapya ya kichwa kwenye panja, ngozi ya kichwa inayouma akichana nywele, au macho kufifia, aende hospitali siku hiyohiyo. Hiyo huweza kuwa mishipa ya damu iliyovimba, na ikicheleweshwa hupofua. Vivyo hivyo kidonda mdomoni kisichopona kwa wiki tatu, jino linalolegea bila sababu ya ufizi, au mdomo wa chini kufa ganzi, visisubiri zamu ya mwezi ujao.

Sasa meno ya bandia yenyewe. Anayependekeza anakusudia kujaza nyuma kulia, mahali ambapo hakuna jino la kushikia mwisho wa safu. Huo ndio mpangilio mgumu kuliko yote. Mbele meno ya bandia yanashika jino lisilosogea, nyuma yanakalia ufizi unaobonyea, kwa hiyo kila mtafuno yanayumba. Yakiyumba, jino linaloshikilia kibanio hutikiswa, utando wa uchafu hujikusanya chini ya plastiki, na baada ya muda jino hilo, ambalo ni mojawapo ya magego madogo mnayoyategemea, linaoza au kulegea. Watafiti wa Nijmegen waliwafuatilia wenye safu fupi, yaani waliopoteza magego ya nyuma, kwa miaka na hawakuona meno ya aina hii yakiongeza cha maana katika kutafuna au starehe. Ukipoteza gego dogo ili kupata gego la plastiki, umeuza ng'ombe kununua maziwa.

Hata meno kamili ya bandia, yanapolazimika, yana kiwango chake. Anayevaa safu zote mbili hupata robo hivi ya nguvu ya mwenye meno yake, na katika majaribio huhitaji mara nne hadi nane ya mitafuno kusaga chakula kilekile hadi nusu ya ukubwa wake. Jambo la kushangaza ni kwamba watu hawaongezi mitafuno kiasi hicho. Huongeza kidogo, kisha humeza vipande vikubwa. Kwa hiyo usihukumu kwa kuhesabu mtu anatafuna mara ngapi kabla ya kumeza. (Mmarekani Horace Fletcher, mwanzoni mwa karne ya 20, alijipatia umaarufu kwa kuhubiri kwamba chakula kitafunwe hadi kiwe maji. Kila mtu ana idadi yake, na huwa hatoki nayo mbali.)

Ningekubali meno ya bandia kwa mama katika mazingira haya: jozi ya kushoto ikishindikana kuokolewa, magego ya juu kulia yakiwa yanashuka hadi kuuma ufizi wa chini, meno ya mbele yakianza kuachana na kusogea mbele mwaka hadi mwaka, au mwenyewe akiona aibu ya pengo. Ikifika hapo, ulizeni kwanza kama pengo moja la kushoto linaweza kuzibwa kwa daraja dogo la kubandika, yaani jino la bandia linalogandishwa kwenye jino la jirani, badala ya meno ya kuvua. Kwa watu wa aina hii, majaribio ya Uingereza yaliona meno yakioza kidogo sana kwa wenye daraja kuliko kwa wenye ya kuvua. Vipandikizi vya skrubu ni bora kwa nguvu, ila ni ghali, na kwa mvutaji wa sigara au mwenye sukari ya juu hushindwa mara nyingi zaidi.

Kama yatakuwa ya kuvaa, yawe na vikanyagio vinavyokaa juu ya meno yake, si plastiki tupu iliyolalia ufizi. Ile ya plastiki tupu ni nafuu na ndiyo inayotolewa sana, lakini huzama taratibu kadiri mfupa unavyopungua, ikisukuma ufizi chini ya mashingo ya meno. Ya kobalti na kromu hugharimu zaidi na hubaki mahali pake. Pengo jipya lisubiri kama miezi mitatu, maana mfupa hupungua haraka mwanzoni. Tarajieni kurudi mara mbili tatu kupunguzwa sehemu zinazochoma, na mwezi au zaidi wa kujifunza kula. Usafi ni kwa sabuni na brashi laini, si dawa ya meno inayokwaruza, wala si maji ya moto yanayokunja plastiki. Usiku yavuliwe na kulazwa kwenye maji. Utafiti wa Japani uliochapishwa 2015, kwa watu wa miaka 85 na kuendelea, ulikuta waliolala nayo wakipata nimonia zaidi ya mara mbili ya wasiolala nayo.

Wakati mnasubiri, badilisheni jiko kabla ya kubadilisha kinywa. Uji, chai ya sukari na mkate vinapita bila taabu, lakini ndivyo vinavyogandia kwenye mizizi na kuiozesha, na vinamnyima protini. Nyama isiachwe: ikatwe kukingama nyuzi, vipande vya sentimita moja, ipakwe papai bichi lililosagwa kwa nusu saa, kisha ichemshwe hadi iachie. Dagaa, samaki, mayai na maharage yaliyoiva vizuri havihitaji magego mengi. Karanga zitwangwe ziingie kwenye mboga, kisamvu kitwangwe kama kawaida yake, karoti ikwanguliwe. Makande yalowekwe usiku kucha. Tumbo lenyewe linasamehe zaidi ya tunavyodhani: majaribio ya zamani ya Uingereza, ambapo chakula kilimezwa kwenye vifuko vya kitambaa, yalionyesha samaki, mayai na wali vinameng'enywa hata bila kutafunwa, huku nyama na baadhi ya mboga zikibakiza mabaki. Kinachomponza asiyetafuna ni kuacha vyakula, na kupaliwa.

Hili la jiko lina umuhimu kwa sababu nyingine. Watu wanaowekewa meno ya bandia mara nyingi hawabadilishi mlo wao hata kidogo. Mazoea ya uji yanabaki. Asiporudishiwa nyama na mboga mezani makusudi, hata safu ya dhahabu haitamsaidia.

Mkirudi kliniki, msiende na swali la "awekewe au asiwekewe". Ombeni ufizi upimwe kina kuzunguka magego yote ya kushoto. Kina cha milimita nne au zaidi chenye kutoa damu kinatibiwa kwa kuondoa ugaga chini ya ufizi, si kwa kung'oa. Ombeni picha ya eksirei ya jino lililolala, ombeni wakague kwa karatasi ya rangi ni wapi hasa linagusana na la juu, na muulize kama uso wake unaweza kuinuliwa kwa kiraka ili likutane na mwenzake kwa eneo pana zaidi. Hicho ni kitu cha ziara moja au mbili, kwa bei ndogo sana kuliko meno ya bandia. Mkitoka, subirini wiki sita hadi nane ufizi utulie, kisha rudieni jaribio la karanga upande wa kushoto, kiasi kilekile cha karanga, mitafuno ileile 20. Vipande vikubwa vikipungua na nyama ikarudi, meno ya kuvua hayahitajiki. Visipopungua, mnarudi kwa daktari wa kwanza, safari hii mkiwa na namba mkononi.